Uchafu wa mji unamwelemea nani? Mwongozo kamili wa uchunguzi kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba

Kila masika, mitaa ya bondeni huko Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, hupokea maji ambayo hayakunyesha kwao. Mvua inanyesha mji mzima, lakini maji hayatuami mji mzima. Yanateremka na taka za juu, mafuta ya gereji na uchafu wa makaro yaliyofurika, kisha yanaingia ndani kwa watu wale wale walioingiliwa mwaka jana. Wakaazi wa zamani wa Mwanakwerekwe wanalikumbuka bwawa lililokuwa likifunga barabara mvua zikishika. Waliokuwa wakichelewa kazini walilalamika, na malalamiko yao yalisikika. Waliokuwa wakilala juu ya meza na watoto wao hawakusikika kiasi hicho.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa sekondari wanaotaka kulichunguza jambo hilo kwa vipimo, pamoja na walimu wanaosimamia klabu za mazingira. Skuli zetu zimezoea siku za usafi: fagio, glavu, magunia, picha ya pamoja, na baada ya wiki jaa limerudi palepale. Kusafisha ni jambo jema, ila hakuelezi kwa nini jaa liko hapa na si mtaa wa pili. Jibu la swali hilo linataka kupima, na kupima pahala pawili. Kundi linalopima mtaa wake peke yake litathibitisha kwamba mtaa ni mchafu, jambo ambalo kila mtu alikwisha lijua. Kundi linalopima mitaa miwili kwa njia moja, siku moja, ndilo linaloweza kuonyesha nani anabeba mzigo wa nani.

Hatua ya 1: Tafuteni swali dogo na mitaa miwili

"Je, mtaa wetu umechafuka?" si swali la uchunguzi. Swali zuri lina kitu cha kuhesabu ndani yake. Taka hukaa siku ngapi kabla ya kuchukuliwa, kwenye nyumba za kando ya barabara na kwenye nyumba za ndani ambako gari halifiki? Nyumba ngapi katika kila kumi ziliingia maji masika yaliyopita, juu na bondeni? Visima vilivyo karibu na mashimo ya vyoo vina maji ya namna gani ukilinganisha na vilivyo mbali? Chagueni swali moja. Kundi la wanafunzi kumi likishika maswali manne, litamaliza muhula bila jibu hata moja la kuaminika.

Mitaa miwili mtakayoichagua ifanane kadiri inavyowezekana, itofautiane kwenye lile jambo mnalolichunguza tu. Mkitaka kujua athari ya gari la taka kutofika, msilinganishe vichochoro vya Jang'ombe na ufukwe wa Kiwengwa. Kila kitu hapo ni tofauti, na mtu yeyote ataliangusha jibu lenu. Linganisheni nyumba za mbele na nyumba za nyuma za shehia ile ile.

Tazameni pia historia, kwa sababu mipaka ya leo haikuanza leo. Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa ukawa barabara na viwanja. Maji ya bomba ya chemchem, yaliyoletwa mjini enzi za Sayyid Barghash katika karne ya 19, yalielekezwa upande wa mji. Ng'ambo ilikua kwa watu kujijengea, na mitaro ikafuata baadaye, pale ilipofuata. Ukimweleza diwani habari hiyo kwa sentensi mbili, ataelewa kwamba hamumlaumu bibi anayetupa taka mtaroni. Mnauliza kwa nini bibi huyo hana pahala pengine pa kuzitupa.

Nguvu ya kulinganisha imeshaonekana visiwani humu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani ulieleza kuwa kaya hutumia wastani wa lita 93.2 za maji kwa siku, huku chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kikifikia lita 3,195. Kila nambari ikisimama peke yake haisemi kitu. Zikikaa pamoja, hakuna anayehitaji kuongezewa maelezo.

Hatua ya 2: Ruhusa, kwa mpangilio wake

Anzeni kwa mwalimu mkuu, mpate barua yenye muhuri. Barua hiyo ipelekwe kwa sheha wa kila shehia mtakayoingia, si kwa sheha wenu tu. Nendeni na mwalimu, mwamkieni, mwelezeni mnataka kupima nini, kwa siku gani, na majibu yatakwenda wapi. Sheha anajua nyumba zipi huingia maji, jaa lilianza lini, na nani aliwahi kuandika barua akapuuzwa. Sheha aliyeshirikishwa mwanzo ndiye atakayewafungulia milango mwisho.

Wazazi wa kila mwanafunzi watie saini. Katika mitaa, mwanafunzi asitembee peke yake. Wawili au watatu, na katika kila kundi awemo msichana, kwani mchana nyumbani mara nyingi yupo mama na hatakuwa huru kuwakaribisha wavulana watupu. Msibishe hodi wakati wa sala, wala alasiri ya Ramadhani watu wakiwa jikoni wanatayarisha futari.

Mtaulizwa: "Sasa mtatuletea nini, wanangu?" Jibuni ukweli: "Bibi, tutakuletea majibu ya tulichokipima. Mtaro hatuwezi kuahidi." Ahadi ya uongo kwenye kibaraza cha mtu huharibu uchunguzi wa kila kundi litakalokuja baada yenu.

Hatua ya 3: Ramani ya kutembea kwa miguu

Mwaka 2016 Zanzibar ilipigwa picha kutoka angani kwa droni katika mradi ulioongozwa na Kamisheni ya Ardhi, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walishiriki. Ramani huria ya OpenStreetMap nayo ina njia na majengo mengi ya Unguja na Pemba. Chapisheni eneo lenu kwenye karatasi kubwa, kisha lizungukeni na penseli mkiongeza yale yasiyoonekana angani: mitaro na mahali ilipoziba, majaa rasmi na yasiyo rasmi, visima, mifereji ya umma, mashimo ya vyoo, gereji, mabanda ya kuku, sehemu za kuchomea taka, skuli na madrasa.

Andikeni pia maji yanaelekea wapi. Fundi yeyote wa ujenzi anao ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa kupimia usawa wa msingi. Mwombeni awafundishe kwa nusu saa. Kwa mpira huo na futi, mtapata tofauti ya kimo kati ya mtaa wa juu na wa chini kwa sentimita, na ramani yenu itakuwa na kitu ambacho pengine hakipo kwenye karatasi ya ofisi yoyote.

Hatua ya 4: Kupima

*Mafuriko.* Hapa ushahidi uko ukutani. Maji machafu yakikaa ndani ya nyumba huacha mstari: chini ya mstari chokaa imebabuka na rangi imekuwa ya udongo, juu yake ukuta ni mzima. Pimeni kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, pahala patatu katika chumba, muandike zote tatu. Unyevu unaopanda kutoka msingini nao hubabua ukuta, ila alama yake huwa ya mawimbi na haina kimo kimoja. Mstari wa mafuriko umenyooka, na hulingana chumba hadi chumba. Kisha muulizeni mwenye nyumba ni masika ya lini. Watu wachache hukumbuka mwaka kwa nambari, lakini mama atakumbuka kwamba alikuwa na mtoto mchanga, au kwamba ilikuwa wiki ya kuingia Ramadhani. Andikeni alivyosema, tafuteni mwaka baadaye, na mthibitishe kwa jirani mmoja asiyeishi nyumba hiyo. Ulizeni pia kitu gani kilipotea: godoro, unga, cherehani, madaftari. Hasara ya cherehani kwa mshonaji ni hasara ya mapato, na haionekani kwenye kipimo cha kimo cha maji.

*Taka.* Chagueni kipande cha njia au mtaro chenye urefu wa mita 20 katika kila mtaa. Okoteni vyote vilivyomo, vitengeni: chupa za plastiki, mifuko, pampasi, mabaki ya chakula, majani na makuti, bati na vioo. Pimeni kila fungu kwa mizani ya kuning'iniza. Taka zikiwa zimelowa, ziacheni zichuruzike kwanza, la sivyo mtakuwa mnapima maji. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, kwa hiyo mkiikuta, ihesabuni peke yake.

Kipimo cha pili cha taka ni rahisi na, kwa maoni yangu, ndicho kizito zaidi. Pigeni picha ya pipa au jaa lile lile, mkisimama palepale, saa ile ile kila asubuhi kwa wiki mbili. Fanyeni hivyo mitaa yote miwili. Mwisho mtakuwa na picha zinazoonyesha gari lilikuja siku zipi na halikuja siku zipi. Ratiba iliyoandikwa ofisini inaweza kusema jambo lolote. Picha zenu zitasema lililotokea.

Msifuate mzigo huo mpaka mwisho wake bila kuwafikiria watu wa huko. Taka za mji hupelekwa Kibele, Wilaya ya Kati. Kundi lenye nguvu linaweza kufanya Kibele iwe upande wa pili wa ulinganisho wake: nani anazalisha, nani anaishi na harufu.

*Maji.* Mwamba wa sehemu nyingi za visiwa hivi ni wa matumbawe, wenye nyufa na matundu, na maji hupita humo haraka bila kuchujwa vya kutosha. Shimo la choo lililo karibu na kisima ni jambo la kutiliwa shaka tangu mwanzo. Vipimo viwili vinawezekana kwa wanafunzi. Cha kwanza ni chupa za haidrojeni salfaidi: unatia maji ndani ya chupa iliyotayarishwa na dawa, unaiacha kivulini, na yakigeuka meusi ndani ya siku moja hadi mbili ni dalili ya vijidudu vya kinyesi. Cha pili ni vijiti vya naitreti vinavyobadilika rangi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Vyote viwili ni vipimo vya awali tu. Kisima kilichoonyesha shaka kinahitaji maabara, na hapo walimu wa kemia na biolojia waombe msaada SUZA au Mamlaka ya Maji, ZAWA.

Namna ya kuchota inaharibu majibu kuliko kipimo chenyewe. Tumieni ndoo ileile wanayotumia wenyewe mkitaka kujua maji wanayokunywa. Tumieni chombo chenu kilichochemshwa mkitaka kujua kisima chenyewe. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mdomo wa chupa usiguswe na kidole, kifuniko kisiwekwe chini, na juu ya chupa iandikwe saa kabla ya kuondoka. Kila mara chukueni chupa moja ya maji yaliyochemshwa muipime pamoja na nyingine. Nayo ikigeuka nyeusi, kosa liko kwenu.

Kile kikalamu cha kupimia chumvi kinachouzwa kwa bei nafuu kinapendwa sana, na watu hukitumia vibaya. Kinaonyesha vitu vilivyoyeyuka, si vijidudu. Maji yenye nambari ndogo yanaweza kuua. Na maji ya chumvi karibu na pwani mara nyingi ni bahari iliyoingia chini ya ardhi kwa sababu ya kuvuta maji kupita kiasi, ambalo ni tatizo jingine na pia ni la haki: ulizeni nani anavuta.

*Moshi na vumbi.* Pakeni vaselini nyembamba kwenye kadi nyeupe, ziningʼinizeni kwa kimo kimoja mitaa yote miwili, ziacheni siku tatu bila mvua, kisha hesabuni chembe ndani ya miraba ya sentimita moja kwa kioo cha kukuzia. Haitawapa kiwango cha kimataifa, itawapa tofauti. Wekeni na daftari la saa ambazo taka huchomwa.

Hatua ya 5: Wakati wa kupima

Upepo na bahari vinaweza kuwadanganya. Wakati wa kusi, moshi wa jaa huelekea kaskazini. Kaskazi ikishika unageuka. Mkipima msimu mmoja tu, mtasema mtaa fulani hauguswi, kumbe zamu yake haijafika. Ikiwezekana pimeni misimu yote miwili. Isipowezekana, andikeni wazi ulikuwa upepo gani.

Kwa mitaro inayomwaga baharini, bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, ni jambo kubwa. Maji yakijaa sana hurudisha maji ya mtaro nyuma, na mvua ikigongana na bamvua, mtaa wa pwani hufurika hata kwa mvua ndogo. Wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, mtaro huohuo utaonekana unapitisha vizuri. Wavuvi watawaambia siku bila kutazama kalenda. Andikeni hali ya maji kila siku ya kipimo: yamekupwa au yamejaa, bamvua au maji mafu.

Pemba mambo yanabadilika kidogo. Wete na Mkoani zina miteremko mikali, kwa hiyo swali la juu na chini hujibiwa haraka, na taka za mlimani huishia kwenye mikoko. Pale, upande wa pili wa ulinganisho unaweza kuwa akina mama wanaookota chaza mkokoni na yule anayetupa taka juu.

Hatua ya 6: Kuuliza watu

Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alijua njia uliyopita ugonjwa ule kwa kuwauliza wasafiri na wafanyabiashara. Maneno ya watu ni ushahidi, yakikusanywa kwa utaratibu.

Maswali yasizidi kumi, na yote yaulizwe kwa maneno yaleyale kila nyumba. Msiulize "Je, taka zinakusumbueni?" kwa kuwa kila mtu atasema ndiyo. Ulizeni "Mara ya mwisho taka zilichukuliwa lini?" na "Nani katika nyumba anazipeleka jaani, na hutumia muda gani?" Swali hilo la pili hufungua mengi, maana mara nyingi ni mtoto wa kike au mwanamke, na dakika zake hazihesabiwi na yeyote. Chagueni nyumba kwa mpango, kila ya tano mkianzia pembeni, msiende kwa jamaa na marafiki tu. Msiandike majina; andikeni nambari. Msipige picha za nyuso, na hasa msiwapige watu wanaookota chupa jaani ili waishi.

Sindano, bandeji na chupa za dawa mkizikuta, msiziguse hata kwa glavu. Wekeni alama kwenye ramani, mwalimu amwarifu sheha siku hiyohiyo. Maji ya mafuriko msiyaingie.

Hatua ya 7: Kuhesabu kwa haki

Chukueni mfano wa kubuni. Mtaa wa chini nyumba 12 zimeingia maji, wa juu 3. Ukisimama hapo utasema wa chini umeonewa mara nne. Lakini ikiwa wa chini mlitembelea nyumba 40 na wa juu 10, kote ni asilimia 30 na hamna tofauti. Gaweni daima kwa idadi ya nyumba au watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na takwimu zake zimeshushwa hadi ngazi ya shehia. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ndiyo inayozitoa.

Kisha kaeni muupinge uchunguzi wenu wenyewe. Mmoja asimame kama afisa wa manispaa aulize: hamkupima siku ya sikukuu? Mtaa ule hauna soko? Gari si lilikuwa bovu wiki ile? Kila swali mlilokosa jibu, liandikeni ndani ya ripoti kama kasoro. Ripoti inayokiri kasoro zake inaaminiwa zaidi.

Hatua ya 8: Kupeleka majibu

Kisima kikionyesha dalili ya kinyesi, mwenyewe aambiwe siku hiyo, kwa faragha, pamoja na ushauri wa kuchemsha maji. Hilo halingoji ripoti.

Mengine, wa kwanza kuyasikia ni waliowafungulia milango. Wakusanyeni kupitia kwa sheha, tandikeni ramani chini, waacheni waisahihishe. Kisha ukurasa mmoja: ramani, nambari mbili zinazolinganishwa, picha mbili, ombi moja. Ombi liwe dogo na liwe na mwenyewe. "Tunaomba mazingira safi" halina wa kulijibu. "Tunaomba gari lipite nyumba za nyuma Jumatatu na Alhamisi, au pawekwe pipa kwenye makutano haya" linakwenda Baraza la Manispaa na lina jibu la ndiyo au hapana. Maji ya bomba na visima ni habari ya ZAWA. Kiwanda, gereji kubwa au hoteli inayomwaga uchafu ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015. Nakala wekeni kwa sheha na kwa diwani, na kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Majibu yanaweza kuchelewa kuliko muhula wenu. Kwa hiyo daftari, ramani, picha na fomu zibaki skuli, kwenye kabati lenye ufunguo wa mwalimu, zikiwa na karatasi inayoeleza mlisimama wapi, mlipima vipi na saa ngapi, ili kidato kitakachofuata kisimame palepale masika ijayo na kupima tena.